Rodolphe Töpffer: Mwalimu Aliyechora Katuni kwa Siri, Akaziachia Dunia

Kuanzia miaka ya 1820, wanafunzi wa shule moja ndogo ya bweni mjini Geneva, Uswisi, walizoea kumzunguka mwalimu wao na kuitazama kalamu yake ikipita juu ya karatasi. Katika wino huo walizuka watu wa ajabu: bwana mwenye mapenzi yasiyo na bahati, daktari asafiriye bila kuona kitu, na mtu wa kawaida anayejikweza mbele ya wakubwa. Mwalimu huyo alikuwa Rodolphe Töpffer, ambaye wanahistoria wengi wa sanaa humtaja kuwa baba wa hadithi za katuni.

Sifa hiyo haikumjia kwa urahisi, wala yeye hakuikimbilia. Kwa miaka kadhaa michoro yake ilibaki kuwa burudani ya wanafunzi na marafiki, kwa kuwa katika mji ule wenye maadili makali, mwalimu aliyejulikana kwa vichekesho angeweza kupoteza heshima yake na hata riziki yake.

Töpffer alizaliwa Geneva tarehe 31 Januari, 1799, wakati mji huo ukiwa chini ya utawala wa Ufaransa. Babu yake alikuwa fundi cherehani aliyehamia kutoka Ujerumani. Baba yake, Wolfgang-Adam Töpffer, alikuwa mchoraji wa mandhari aliyeheshimika, ambaye pia alichora vibonzo vya kuwadhihaki wakubwa wa mji.

Hivyo mtoto Rodolphe alikulia katika nyumba iliyojaa picha. Miongoni mwa zilizomvutia mno ni zile za William Hogarth, mchoraji wa Uingereza wa karne ya 18, aliyesimulia maisha ya watu kwa mfululizo wa picha. Ulimgusa hasa mfululizo wa wanagenzi wawili, mmoja mwenye bidii na mwingine mvivu, ambao njia zao hutengana picha baada ya picha hadi mmoja kupata cheo na mwingine kunyongwa. Humo Töpffer aliona kwamba picha zikipangwa kwa kufuatana huweza kusimulia na kufunza kama kitabu.

Alitamani kufuata kazi ya baba yake, lakini macho yake yalimsaliti. Ugonjwa uliyadhoofisha angali kijana, na mwaka 1819 alikwenda Paris kutafuta matibabu huku akiendelea na masomo. Tiba haikupatikana. Alirejea Geneva mwaka 1820 akiwa amekubali kwamba hatakuwa mchoraji wa rangi, akaingia katika ualimu. Mwaka 1823 alimwoa Anne-Françoise Moulinié, na muda mfupi baadaye akafungua shule yake ya bweni.

Pigo hilo ndilo lililomsukuma kwenye sanaa iliyombakizia jina. Macho yasiyostahimili kazi ndefu ya turubai na rangi yaliweza kustahimili mstari wa wino, wa haraka na usio na madoido. Mwaka 1827 alichora mkasa wa Bwana Vieux Bois, mzee anayempenda mwanamke fulani hadi kujaribu mara kwa mara kujiua, na kila mara akashindwa kwa namna ya kuchekesha. Baada ya kila balaa, bwana huyo huonekana akibadili nguo zake za ndani na kuanza upya. Katika miaka michache iliyofuata zilikuja hadithi za Daktari Festus, Bwana Cryptogame na Bwana Jabot.

Michoro hiyo haikuwa ya kuuzwa. Ilifungwa kama daftari na kupita mkono kwa mkono, kutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa rafiki, kisha kwa rafiki wa rafiki. Kadhalika, kila alipowaongoza wanafunzi wake kwa miguu kupita milima ya Alps wakati wa likizo, Töpffer aliandika habari za safari na kuzipamba kwa michoro, ili wasafiri wabaki na kumbukumbu. Kwake, kuchora na kushirikisha wengine vilikuwa tendo moja.

Mmoja wa marafiki hao alikuwa Frédéric Soret, mwana wa Geneva aliyekuwa mlezi wa mtoto wa mfalme mdogo huko Weimar, Ujerumani. Katika majira ya baridi ya mwaka 1830 kuingia 1831, Soret alimwonyesha daftari hizo Johann Wolfgang von Goethe, aliyekuwa mshairi mkuu wa Kijerumani na mwenye umri wa zaidi ya miaka 80. Goethe hakuvipenda kwa kawaida vibonzo vya kukejeli, lakini hivi vilimfurahisha sana. Alivitazama kurasa chache kwa wakati mmoja, akahofia kwamba kuvimaliza kwa mkupuo kungemlemea akili, na akasifu kipaji cha mchoraji.

Goethe alifariki dunia Machi 1832, na mwaka huohuo maoni yake mazuri yakatangazwa katika jarida lake la sanaa. Mwalimu aliyekuwa akichekesha wanafunzi wake akajikuta amesifiwa na mtu ambaye Ulaya nzima ilimsikiliza.

Hata hivyo, mwaka huo wa 1832 ndio ambao Töpffer aliteuliwa kuwa profesa wa fasihi katika Akademia ya Geneva. Sifa za Goethe zilimwita hadharani, na cheo kipya kikamtaka atulie. Mwaka 1833 alichapa kisa cha Bwana Jabot, lakini akakizuia kisitoke. Nakala zilikaa mafichoni hadi mwaka 1835, alipoziachia hatimaye kwa wasomaji. Ni vigumu kukosa kuona kwamba kisa chenyewe kilihusu mtu anayeogopa kuonekana hana hadhi, ambaye kila akianguka huinuka na kujiweka tena katika mkao wa kiungwana.

Namna alivyochapa kazi hizo ndiyo iliyompa uhuru. Michoro mingi ya wakati ule ilichongwa na mafundi katika mbao au shaba, na mkono wa fundi ulibadili mkono wa msanii. Katika uchapaji wa kawaida wa jiwe, msanii alilazimika kuchora na kuandika kinyumenyume. Töpffer alitumia wino maalumu juu ya karatasi maalumu, ambayo mchoro wake ulihamishiwa kwenye jiwe na kutoka ukiwa umeelekea upande wake wa asili. Hivyo mistari na mwandiko uliomfikia msomaji vilikuwa vya mkono wake mwenyewe, bila fundi wa kati kuvisahihisha.

Aidha, aliielewa vema sanaa aliyokuwa akiianzisha. Mwaka 1837, akizungumzia kisa cha Jabot katika jarida moja la Geneva, alieleza kwamba michoro bila maneno yaliyo chini yake ingekuwa na maana ya kufifia, na maneno bila michoro yasingekuwa na maana yoyote. Vikikutana huzaa aina ya riwaya ya pekee. Maelezo hayo yangali yanatumika kufafanua katuni hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1837 vilitoka vitabu vya Bwana Crépin na Bwana Vieux Bois, kisha mwaka 1840 vya Bwana Pencil na Daktari Festus. Katika Crépin, mwalimu Töpffer aliwacheka walimu wenzake: baba mwenye watoto wengi huajiri mwalimu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na nadharia yake, na watoto hawaelimiki. Katika Pencil, upepo unaopeperusha karatasi ya mchoraji unaanzisha mkorogano unaokaribia kuitumbukiza Ulaya vitani.

Umaarufu ukaleta wezi. Mwaka 1839 mchapishaji Aubert wa Paris alinakili vitabu vitatu vya Töpffer na kuviuza. Kwa kuwa hapakuwa na mkataba uliolinda haki za waandishi wa Geneva nchini Ufaransa, kazi hiyo haikuzuilika kwa sheria. Baya zaidi kwake lilikuwa mistari yake kupitia mkono mwingine na kupoteza uhai. Alijibu kwa njia aliyokuwa nayo: mwaka uleule alitoa chapa mpya ya Vieux Bois kwa mkono wake, msomaji apate kulinganisha.

Nakala hizo haramu nazo zilizaa nyingine. Kisa cha Vieux Bois kilitolewa London kwa Kiingereza, mzee huyo akipewa jina la Obadiah Oldbuck, na Septemba 1842 kikachapwa New York kama nyongeza ya gazeti la Brother Jonathan. Wanahistoria wengi huhesabu toleo hilo kuwa kitabu cha kwanza cha katuni kuchapishwa Marekani. Kazi yake ikavuka bahari bila ridhaa yake.

Töpffer hakuwa mtu wa mapinduzi. Vuguvugu la mageuzi ya kisiasa lilipoitikisa Geneva katika miaka ya 1840, alisimama upande wa wahafidhina, na kitabu chake cha Albert cha mwaka 1845 kilimlenga kiongozi wa wanamageuzi, James Fazy. Ni kichungu kuliko vyote alivyochora, na kinaonyesha jinsi kalamu ya kuchekesha inavyoweza kugeuka silaha.

Mwaka huohuo alitoa insha kuhusu uchoraji wa nyuso, akieleza jinsi mistari michache inavyotosha kuonyesha tabia ya mtu. Alishikilia kwamba haihitajiki miaka ya kunakili sanamu darasani, na kwamba hadithi za picha huwafikia watoto na watu wa kawaida, ambao vitabu vizito huwapita.

Kufikia wakati huo macho yake yalikuwa yamechoka na mwili umedhoofu. Bwana Cryptogame alipotoka mwaka 1845 katika gazeti la L'Illustration la Paris, ilimbidi mchoraji mwingine, aliyejulikana kwa jina la Cham, aichore upya michoro hiyo ili ichongwe katika mbao. Msanii aliyelinda mstari wake kwa miaka mingi alilazimika kuukabidhi kwa mkono wa mwenzake.

Rodolphe Töpffer alifariki dunia Geneva tarehe 8 Juni, 1846, akiwa na umri wa miaka 47. Aliacha riwaya, insha na simulizi za safari, ambazo ndizo zilizompa heshima kwa waungwana wa zama zake. Lakini kilichodumu zaidi ni zile daftari alizochora kuwachekesha wanafunzi na kuziazima kwa marafiki. Kila kijana anayekunja karatasi leo, akaigawa katika visanduku na kumpa rafiki yake asome, anapita njia ambayo mwalimu huyo aliifungua kwa hofu na kwa furaha.