Bibi Maryam (A.S.): Mja Mzito Aliyetamani Kufa



Qur-ani inaanza kumtaja Bibi Maryam binti Imran akiwa bado tumboni. Mama yake, ambaye wanahistoria humwita Hanna, alikiwekea nadhiri kilichomo tumboni mwake kiwe wakfu kwa Mwenyezi Mungu. Alitarajia mwana wa kiume, akazaa mwanamke. Akampa jina yeye mwenyewe, na akamuombea kinga na shetani, yeye pamoja na kizazi chake. Mapenzi ya mama huyu kwa mwanawe yalianza kwa dua kabla hajamuona uso. Madaktari wanatwambia kuwa katika miezi mitatu ya mwisho mtoto husikia sauti ya mama yake, basi anayesoma Qur-ani na kumsemesha mwanawe tumboni asichekwe.

Watu wa Baytul Maqdis walishindania kumlea Maryam, wakapiga kura kwa kalamu zao, ikamwangukia Nabii Zakariya (A.S.). Kila alipoingia kwenye mihrabu alimkuta na riziki isiyotoka kwake. Malaika walimpa habari kuwa ametakaswa na amechaguliwa juu ya wanawake wa ulimwengu. Tuliweke hilo akilini, maana huyu ndiye yatakayomfika yanayofuata.

Jibril (A.S.) akamjia na bishara ya mtoto asiye na baba. Akashika mimba, akajitenga mahali mbali. Zipo riwaya kuwa mimba ile ilikuwa ya muda mfupi mno, lakini Ibn Kathir ametaja kuwa kauli mashuhuri ya wanazuoni wengi ni miezi 9, kama wanawake wengine. Basi fikirini miezi 9 ya khofu, mtu anajua watu watasema nini.

Uchungu ulipomshika akaliendea shina la mtende. Hapo alitamani angelikuwa amekufa kabla ya siku ile, akasahaulika kabisa. Mtume wetu (S.A.W.) amekataza kutamani mauti kwa shida iliyomfika mtu, na wafasiri, akiwemo Imam Al-Qurtubi, wameeleza kuwa Maryam alikhofia kudhaniwa vibaya katika dini yake, na watu kuingia katika dhambi ya kumzulia. Lakini angalieni jawabu aliyopewa. Hakukemewa, wala hakuambiwa imani yake imepungua. Sauti kutoka chini yake, ya Jibril au ya mwanawe kwa khitilafu ya wafasiri, ilimwambia asihuzunike. Akaoneshwa kijito cha maji. Akaambiwa autikise mtende, tende mbivu zimwangukie, ale, anywe, na jicho lake litulie. Mtende hautikisiki hata na mwanamme mwenye nguvu, sembuse mzazi mwenye uchungu. Aliambiwa afanye kidogo anachokiweza, mengine akatendewa.

Kisha akaondolewa mzigo wa kujieleza. Aliamrishwa aweke nadhiri ya kutosema na mtu siku ile. Funga ya namna hiyo haimo katika sharia yetu, lakini huruma yake inaonekana. Kwetu visiwani mja mzito huulizwa na kila anayepita mbona tumbo dogo, mbona kakonda, mbona kanuna. Na akilia siku nzima, wapo wanaosema ana shetani au hamshukuru Mungu, mumewe naye akanyamaza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu waja wazito 16 katika kila 100 hupata maradhi ya akili, zaidi sonona. Mwenye kuwaza kufa asiachwe peke yake, na afikishwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Ruqya ni kheri, na haizuwii dawa.

Maryam akarudi kwa watu wake amembeba mwanawe mwenyewe, mikononi mwake. Wakamshutumu, wakamtaja baba yake na mama yake. Yeye akaashiria tu kwa mtoto. Isa (A.S.) akasema akiwa mchanga kuwa yeye ni mja wa Mwenyezi Mungu na Nabii, na kuwa amejaaliwa kumtendea wema mama yake. Baadaye Mwenyezi Mungu akawapa wote wawili makaazi kwenye mahali palipoinuka, penye utulivu na chemchemi ya maji.

Wallahu aalam.