Ahmad bin Majid, Mwalimu wa Bahari na Hisabu Zake

 Twapenda kuwatajia maisha ya mtu ambaye jina lake latajwa sana katika pwani yetu, bali wengi wanaolitaja hawajui alilolifanya, na wengine humsingizia asilolifanya. Mtu huyo ni Shihabuddin Ahmad bin Majid, mwalimu wa bahari.

Sababu za kumchagua ni mbili. Ya kwanza ni kumwondolea tuhuma Muislamu aliyekufa, ambaye hawezi tena kujitetea. Ya pili ni kwamba vijana wetu wa skuli za sekondari hulalamika kuwa hisabu za mahusiano, yaani namna kitu kimoja kinavyofuatana na kingine, ni ilimu ya wageni isiyo faida kwao. Na baadhi ya wazazi huwaunga mkono. Tutaona kwamba Bin Majid aliishi kwa ilimu hiyo, na kwamba kwa kuikosa watu wamemdhulumu.

Alizaliwa Julfar, katika pwani ya Ghuba, karibu na ulipo leo mji wa Ras al-Khaimah, katika nusu ya kwanza ya karne ya 15. Baba yake na babu yake walikuwa waalimu wa bahari, mashuhuri kwa kuijua Bahari ya Sham na miamba yake. Baba aliacha utungo mrefu juu ya njia za bahari hiyo. Mwana aliurithi, lakini hakutosheka na kuuhifadhi tu. Aliusafiria, akapima, na alipoona palipokosewa alisahihisha. Heshima ya mzazi haikumzuia kusahihisha, wala kusahihisha hakukumtoa katika adabu. Hilo ni funzo kwetu sisi tuliozoea kusema kwamba neno ni sahihi kwa kuwa wazee walilisema.

Katika mwaka 866 wa Hijra, yaani 1462, alimaliza utungo wake uitwao Hawiya juu ya misingi ya ilimu ya bahari. Yapata mwaka 1490 alitoa kitabu chake kikubwa cha nathari, Kitabu cha Fawaid, chenye milango 12. Tungo zake nyingine ni nyingi, kwani baharia hukumbuka shairi upesi kuliko maneno ya kawaida. Mmoja wao, Sufaliya, waeleza njia ya kwenda Sofala kwa kufuata pwani yetu hii. Nakala yake ilihifadhiwa Leningrad, mji uitwao leo St Petersburg, na ikachapishwa mwaka 1957.

Sasa tutazame hisabu zake, na tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu alijua. Kila mji una kibla chake, nacho ni kimoja tu. Ukitaja Malindi, upande wa kuelekea Makka wajulikana bila shaka, nao ni karibu kaskazini kabisa. Ndiyo maana watu wa pwani neno kibla hulitumia pia kwa maana ya kaskazini. Lakini igeuze kauli hiyo. Mtu akisema kibla chake ni kaskazini, je, yuko mji gani? Aweza kuwa Malindi, Kilifi au Mombasa. Basi kutoka mji kwenda kibla jibu ni moja. Kutoka kibla kwenda mji majibu ni mengi. Yote mawili ni mahusiano, ila lile la kwanza, ambalo kila unachokitia hukutolea kitu kimoja tu, ndilo ambalo wanahisabu wa Kiarabu wa leo huliita dalla. Tofauti yote ambayo kijana huiona nzito ubaoni ni hiyo.

Bin Majid alikuwa na uhusiano kama huo kati ya mahali na kimo cha nyota. Alishika kibao chenye uzi, akapima umbali kati ya upeo wa bahari na nyota ya Jaa, akahesabu kwa vyanda. Duara zima la mbingu lilikuwa vyanda 224, kwa hiyo chanda kimoja ni kama digrii 1 na dakika 36. Kadiri chombo kiendavyo kaskazini ndivyo Jaa ipandavyo, na kiendapo kusini hushuka. Kwetu Malindi, iliyo kusini ya istiwai kwa digrii 3 na dakika 13, Jaa huwa chini mno, hata waalimu wakapima Farkadani, nyota mbili zilizo jirani nayo, au nyota za Na'shi. Tofauti ya Malindi na Mombasa ni kama nusu chanda tu, na Kilifi yaangukia katikati yake. Tazameni basi macho yalivyohitajiwa kuwa makini.

Hapo palikuwa na matatizo mawili. La kwanza ni kwamba katika zama zake Jaa ilikuwa mbali na ncha ya mbingu kwa zaidi ya digrii 3, ikaizunguka usiku kucha. Mahali pamoja pangeweza kutoa vimo mbalimbali kwa saa mbalimbali. Kwa hiyo waalimu waliweka sharti: kipimo kichukuliwe wakati manzili fulani ya mwezi, katika zile 28, iko juu kabisa, kisha kiongezwe au kipunguzwe kwa kadiri ijulikanayo. Mahali peke yake hapakutosha kutoa jibu moja. Mahali pamoja na wakati palitosha.

La pili ni lile la kibla. Kimo kimoja cha nyota ni cha mahali pengi, vyote vilivyo katika mstari mmoja kutoka mashariki hadi magharibi. Akiwa katikati ya bahari, mwalimu hakuweza kusema kwa kimo peke yake yuko wapi. Basi alifanya hivi: alisafiri mpaka akapata kimo cha bandari aitakayo, hali bado yuko mbali nayo na ajua iko upande gani, kisha akageuza omo mashariki au magharibi, akakishika kimo kile kile mpaka akaona nchi.

Tena walihesabu masafa. Chombo kikielekea kaskazini sawasawa, chanda kimoja kilipatikana kwa zamu 8, na kila zamu ni mwendo wa saa 3. Omo ikipinda, zamu huzidi. Kwa hisabu ya leo, ikipinda digrii 60 zahitajiwa zamu 16, na ikielekea mashariki kabisa chanda hakipatikani kamwe. Hiyo ni dalla nyingine: tia upande, utapata idadi ya zamu.

Twapenda kuonya hapa. Nyota hizo hizo wako wanaozitumia kupigia ramli na kutabiri ndoa na maradhi. Kati ya kimo cha Jaa na mahali pa chombo pana uhusiano ambao kila mtu aweza kuupima akauona. Kati ya nyota na riziki ya mtu hakuna aliyewahi kuonyesha uhusiano wowote. Kutumia nyota kwa kuongozea njia ni neema. Kuzitumia kwa kubahatisha ghaibu ni upotevu.

Tuje kwenye tuhuma. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Malindi. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na uhasama na Mombasa, alimpa rubani, na Wareno wakavuka bahari kwa siku 23 mpaka wakaiona Bara Hindi. Katika nusu ya pili ya karne ya 16, Qutbuddin al-Nahrawali wa Makka aliandika kwamba rubani huyo ni Ahmad bin Majid, na kwamba alileweshwa ndipo akatoa siri. Katika miaka ya 1920 Mfaransa Gabriel Ferrand aliieneza kauli hiyo, na hata leo husimuliwa, huku mmoja akijisifu nayo na mwingine akilaani.

Lakini Wareno wenyewe hawamtaji Bin Majid. Aliyesafiri nao aliandika kwamba rubani ni Mkristo, nao Wareno wale waliwadhania Mabaniani kuwa Wakristo. Waandishi wao wa baadaye walisema ni mtu wa Gujarati, wakamwita Malemo Kanaka. Malemo ni mualimu, na kanaka ni neno la Kihindi lenye maana ya mpiga hisabu. Hayo ni vyeo, si jina. Na cheo ni kama kimo cha nyota: kila mtu ana chake, bali cheo kimoja kina watu wengi. Waalimu wa bahari walikuwa wengi. Kutoka mualimu kwenda Ahmad bin Majid ni kugeuza uhusiano usiogeuzika. Ndiyo maana wanahistoria wengi wa leo wameikataa kauli hiyo.

Utungo wake wa mwisho wenye tarehe ni wa mwaka 906 wa Hijra, karibu na 1500. Alikuwa mzee aliyemaliza umri wake akipima na kuandika, na baada yake watu wakamtwika ulevi na khiyana bila ya shahidi.

Basi enyi wazazi, mwana akirudi na daftari la hisabu msimwambie kwamba hayo si yetu. Muulizeni: kitu hiki nikikitaja, chapatikana kimoja au vingi? Na nikigeuza, je? Akijibu kwa hoja, amefahamu. Na akifahamu, hatamhukumu mtu kwa dhana. Mwenyezi Mungu amrehemu Ahmad bin Majid, na atuzidishie ilimu yenye manufaa. Amin.