James Chapin: Mtaalamu wa ndege aliyehifadhi unyoya mmoja kwa miaka 23

Kisangani. Mwaka 1913, katika kituo cha Avakubi kando ya Mto Ituri, kijana mmoja wa Kimarekani aliona kofia ya mwenyeji iliyopambwa kwa manyoya. Unyoya mmoja, wa rangi ya kahawia wenye mistari myeusi, haukufanana na wa ndege yeyote aliyemjua.

Kijana huyo alikuwa James Chapin. Aliuchukua unyoya ule, akauhifadhi na kusafiri nao hadi Marekani. Ilimchukua miaka 23 kufahamu ulikuwa wa ndege gani.

Chapin alizaliwa New York mwaka 1889. Alipenda ndege tangu utotoni, na akiwa na umri wa miaka 16 tu alipata kazi katika Makumbusho ya Marekani ya Historia ya Asili, jijini humo. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Columbia, lakini masomo hayo aliyakatiza mwaka 1909 ilipotokea nafasi ya kuja Kongo.

Makumbusho hayo yalikuwa yakimtuma Herbert Lang, Mjerumani aliyekuwa hodari wa kupiga picha, kutafuta okapi na wanyama wengine wa Kongo. Chapin, aliyekuwa na miaka 19, alichaguliwa kuwa msaidizi wake.

Wawili hao walipanda meli kwa Mto Kongo hadi Stanleyville, mji ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Kisangani. Hapo ndipo meli kubwa zinapokomea, kwa sababu ya maporomoko ya Boyoma. Kutoka hapo waliingia msituni, mizigo yao ikibebwa na wapagazi, wakaelekea Avakubi, Medje, Niangara na Faradje.

Walibaki Kongo hadi mwaka 1915.

Kamera na rangi za maji

Katika miaka hiyo Lang alipiga picha karibu 10,000 za watu, vijiji, wanyama na mimea, na alikuwa akizisafisha huko huko safarini, katika joto na unyevu wa msituni.

Hata hivyo, picha za wakati huo zilikuwa nyeusi na nyeupe. Ndege akifa, rangi ya macho, mdomo na miguu yake hufifia haraka, na mara nyingi rangi hizo ndizo zinazotofautisha aina moja na nyingine.

Kazi ya kuziba pengo hilo ilikuwa ya Chapin. Aliketi na brashi na rangi za maji, akachora ndege na viumbe wengine kabla rangi zao hazijapotea. Kila sampuli ilipewa lebo yenye mahali na tarehe.

Waliporudi New York walikuwa wamekusanya ndege wapatao 6,400, mamalia 5,800, na wadudu na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo zaidi ya 100,000. Wataalamu walitumia miaka mingi kuwatambua. Kitabu kikubwa kuhusu siafu na chungu wengine wa Kongo, kilichoandikwa na William Morton Wheeler, kilitoka mwaka 1922. Buibui walishughulikiwa na Roger de Lessert, mtaalamu wa Uswisi.

Chapin mwenyewe alibaki na ndege. Alirudi chuoni, akapata shahada ya uzamivu, na kati ya mwaka 1932 na 1954 akatoa juzuu nne kuhusu ndege wa Kongo. Wanaowachunguza ndege wa eneo hili wanazirejea mpaka leo.

Lebo iliyokosewa

Unyoya wa Avakubi ulikuwa bado haujapata mwenyewe. Mwaka 1936 Chapin alikwenda Ubelgiji kufanya kazi katika makumbusho ya Kongo huko Tervuren. Juu ya kabati moja aliona ndege wawili waliokaushwa, ambao hakuna aliyekuwa akiwajali.

Lebo yao ilisema ni tausi wa kawaida, wachanga, walioletwa Kongo kutoka nje. Chapin alipoyatazama manyoya yao alikumbuka kofia ya Avakubi. Hawakuwa tausi wa India. Walikuwa ndege wa Afrika ambaye sayansi ilikuwa haijampa jina.

Mwaka huo huo alimtangaza kwa jina la Afropavo congensis, yaani tausi wa Kongo. Mwaka 1937 alirejea katika misitu ya mashariki kumtafuta, na safari hii alipata sampuli zake.

Ugunduzi huo ulishangaza wataalamu, kwa kuwa jamaa wengine wa tausi wanajulikana kuwa wa Asia. Lakini kwa aliyeuchomeka unyoya kwenye kofia yake, ndege huyo hakuwa mgeni. Wakazi wa msitu walimjua kabla ya makumbusho yoyote kumjua. Majina ya wengi wao, pamoja na ya wapagazi waliobeba mizigo ile, hayakubaki kwenye lebo.

Chapin alirudi tena kufanya kazi Kongo katika miaka ya 1950. Alifariki dunia mwaka 1964.

Kilichobaki Kisangani

Sehemu kubwa ya alichokusanya ipo New York. Kwa muda mrefu, Mkongo aliyetaka kulinganisha ndege au mdudu wa kwao na sampuli hizo alilazimika kuvuka bahari.

Hali hiyo inabadilika. Picha nyingi za Lang sasa zinaonekana kwenye intaneti, na Chuo Kikuu cha Kisangani kina kituo chake cha kufuatilia bioanuwai.

Wakati huo huo, tausi wa Kongo, ambaye porini haishi katika nchi nyingine yoyote, anapungukiwa na makazi kutokana na ukataji wa miti, na anawindwa kwa ajili ya nyama.

Leo mkazi wa Kisangani anaweza kumpiga picha ya rangi kipepeo au buibui kando ya Mto Tshopo kwa simu tu. Lakini picha isiyo na mahali wala tarehe humsaidia kidogo mtaalamu, na jina lililoandikwa kwa kubahatisha linaweza kumficha kiumbe kwa miaka mingi, kama lilivyowaficha tausi wawili juu ya kabati la Tervuren.