Mtakatifu Teresia Benedikta wa Msalaba, Binti wa Nyumba ya Wayahudi



Mtu anapoukaribia ubatizo, mara nyingi moyo wake huhangaika kwa ajili ya watu wa nyumbani mwake. Hujiuliza kama ataketi tena kula pamoja na wazazi wasiobatizwa, au kama imempasa kuwapa kisogo. Leo tusimulie maisha ya mwanamke aliyeijua taabu hiyo, akaibeba mpaka mwisho, naye leo Eklezia inamheshimu kama mtakatifu.

Jina lake la kuzaliwa ni Edith Stein. Alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1891 katika mji wa Breslau. Zamani zile mji huo ulikuwa wa Ujerumani. Siku hizi umo katika nchi ya Poland, nao waitwa Wrocław. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, yaani watu wa taifa lile alimozaliwa Bwana wetu Yezu Kristu, na Mama yake Maria, na Mitume. Mama yake, Auguste, alizaa watoto 11, na 4 kati yao walikufa wangali wadogo. Edith alikuwa kitinda mimba. Alipokuwa hajatimiza miaka miwili, baba yake alikwenda safari ya biashara ya mbao, akapigwa na jua kali, akafa. Mjane hakukata tamaa. Alishika mwenyewe biashara ile, ingawa ilikuwa na madeni, akawalisha watoto wake 7 na kuwasomesha. Wala hakuwasahau maskini.

Mama huyo alimcha Mungu sana, na mwaka wa nyumba yake ulifuata sikukuu za Wayahudi. Ilipofika Pasaka, chachu yote iliondolewa nyumbani, jamaa wakaketi mezani usiku kula mkate usiotiwa chachu, wakikumbuka jinsi Mungu alivyowatoa wazee wao katika utumwa wa Misri. Desturi ni kwamba mtoto mdogo ndiye awaulize wakubwa maana ya usiku ule. Nasi tusisahau kwamba Yezu mwenyewe alikula Pasaka hiyo katika nyumba ya Maria na Yosefu.

Sikukuu nyingine ni Siku ya Upatanisho. Siku hiyo Wayahudi hufunga, hawali wala hawanywi tangu jioni hata jioni ya pili, wakimwomba Mungu awaondolee dhambi. Edith alizaliwa katika siku hiyo hasa, na kwa sababu hiyo mama yake alimpenda kwa namna ya pekee. Tena wakati wa likizo watoto walisafiri mpaka Lublinitz, mji mdogo alikotoka mama yao, wakakaa kwa jamaa zake kwa furaha nyingi.

Lakini kaka zake Edith, waliosoma sala za Pasaka mahali pa baba, hawakuzisoma kwa moyo. Mtoto huona. Edith alipopata miaka kama 15 aliacha kusali. Hata hivyo, Siku ya Upatanisho aliendelea kufunga nyumbani kwa ajili ya heshima ya mama yake.

Akasoma sana. Katika mji wa Göttingen alifundishwa falsafa na mwalimu mkuu Edmund Husserl. Mwaka 1915, wakati wa vita, aliacha vitabu akawauguza askari wagonjwa, na mwaka 1916 alipata cheo cha udaktari wa falsafa. Mwaka 1917 rafiki yake na mwalimu wake, Adolf Reinach, aliuawa vitani. Edith alikwenda kumfariji mjane wake, akidhani atamkuta amevunjika moyo. Kumbe mjane yule Mkristu alikuwa na amani iliyotoka katika Msalaba wa Yezu. Hapo Edith aliona kwa mara ya kwanza nguvu ya Msalaba.

Wakati wa joto wa mwaka 1921, alipokuwa mgeni katika nyumba ya rafiki yake Hedwig Conrad-Martius huko Bergzabern, alisoma kitabu cha maisha ya Mtakatifu Teresia wa Avila. Alipokimaliza alijua kwamba ameupata ukweli aliokuwa akiutafuta. Akanunua katekisimu na kitabu cha Misa, akajifunza. Tazameni, wakatekumeni: daktari wa falsafa aliketi na katekisimu kama ninyi. Tarehe 1 Januari 1922 alibatizwa. Hedwig, ingawa alikuwa Mprotestanti, aliruhusiwa na Askofu kuwa mama yake wa ubatizo, akampa joho lake jeupe la arusi alivae siku ile.

Ikabaki kazi ngumu kuliko zote. Edith hakuandika barua. Alisafiri mwenyewe mpaka Breslau, akapiga magoti mbele ya mama yake, akamwambia kwamba amekuwa Mkatoliki. Mama yule shujaa, ambaye watoto hawakuzoea kumwona akilia, alilia. Edith hakubishana naye wala hakuyacheka mapokeo yake. Alifuatana naye kwenye sinagoga, na Zaburi zilizosaliwa huko alizisali pamoja naye katika kitabu chake cha sala za Eklezia.

Kwa miaka mingi akafundisha katika shule ya masista Wadominiko huko Speyer, kisha Münster. Mwaka 1933 Hitler alitwaa utawala, na Wayahudi wakafukuzwa katika kazi. Mwezi wa Aprili Edith alimwandikia Papa Pio XI kumweleza mateso ya taifa lake. Mwaka uleule aliamua kuingia katika monasteri ya Wakarmeli mjini Cologne, akarudi Breslau kuaga. Siku moja mama yake alikuwa akifuma sufu, akamwuliza atafanya nini kwa masista wale. Edith alimjibu ukweli. Mikono ya mama ikatetemeka, uzi ukatatizika, na binti akamsaidia kuutatua, huku wakiendelea kuongea.

Tarehe 12 Oktoba 1933, siku aliyotimiza miaka 42, ilikuwa pia mwisho wa Sikukuu ya Vibanda. Alikwenda na mama yake kwenye sinagoga. Mama, mwenye miaka 84, alitaka kurudi kwa miguu ili wapate kuongea peke yao. Jioni jamaa na rafiki walijaa nyumbani. Walipokwisha kuondoka, mama alifunika uso akalia, na Edith akakishika kichwa chake chenye mvi kifuani pake. Usiku alimsaidia kuvua nguo, akaketi kitandani pake. Asubuhi mama hakuweza kula. Edith alimkumbatia mpaka saa ya gari la moshi.

Katika monasteri aliitwa Teresia Benedikta wa Msalaba. Kila juma alimwandikia mama yake. Kwanza mama hakujibu, lakini baadaye alitia salamu katika barua za Rosa, dada yake Edith. Mama alikufa tarehe 14 Septemba 1936, Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba. Watu wakavumisha kwamba alikuwa Mkatoliki kabla ya kufa. Edith alikanusha: mama yake alishika imani ya wazee wake hata mwisho, naye Edith alimtumaini Mungu kwa ajili yake. Hakutaka kumtukuza Mungu kwa uongo.

Rosa naye alibatizwa mwaka ule, usiku wa kuamkia Noeli. Tarehe 31 Desemba 1938 Edith alihamia monasteri ya Echt, nchi ya Uholanzi, na Rosa akamfuata. Mwezi wa Julai 1942 maaskofu wa Uholanzi walitangaza makanisani kwamba wanakataa mateso ya Wayahudi. Kwa kulipa kisasi, Wajerumani waliwakamata Wayahudi Wakatoliki tarehe 2 Agosti. Edith na Rosa walitolewa pamoja. Kambini Edith aliwaosha na kuwalisha watoto ambao mama zao walilemewa na huzuni. Tarehe 9 Agosti 1942 waliuawa huko Auschwitz. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 1998, na sikukuu yake ni tarehe 9 Agosti.

Wapendwa, ubatizo hautuamuru kuwadharau waliotuzaa. Dhambi tuiache, hata mzee akikasirika. Lakini mama si dhambi. Ukirudi kwenu, mwambie ukweli kwa magoti yaliyopigwa, si kwa kelele. Mchotee maji, mtatulie uzi wake. Na kama machozi yake hayakomi, usiondoke upesi.

Mtakatifu Teresia Benedikta wa Msalaba, utuombee sisi na jamaa zetu.