Daktari Aliyewafuata Wasiougua

Kila niwaonapo wahudumu wa afya ya jamii wakibisha hodi nyumba kwa nyumba, humkumbuka mwanamke mmoja ambaye wengi wetu hatukusimuliwa habari zake shuleni. Huyu ni Daktari Sara Josephine Baker wa New York, aliyezaliwa mwaka wa 1873 na kufariki mwaka wa 1945.

Alikuwa angali msichana babake alipofariki kwa homa ya matumbo. Akasomea udaktari, akahitimu mwaka wa 1898, lakini mapato ya kliniki yake yakawa haba mno. Ndipo akajiunga na idara ya afya ya jiji akiwa mkaguzi. Kazi hiyo ikamfikisha kwenye nyumba za kupanga walimorundikana wahamiaji maskini. Humo, kila majira ya joto, watoto wachanga walikufa kwa kuhara kama kuku wenye mdondo.

Msomaji mpenzi, tazama alivyofanya mwaka wa 1908. Shule zilikuwa zimefungwa, na wauguzi 30 wa shule hawakuwa na shughuli. Akawachukua na kuwapeleka katika mtaa mmoja wa Lower East Side. Kila mtoto aliposajiliwa, muuguzi alikwenda kwao kabla hajaugua. Mama aliaswa anyonyeshe badala ya kununua maziwa ya dukani, amwogeshe mtoto kila siku, afungue madirisha, amvue zile nguo nzito na ampeleke nje apunge hewa. Hapakuwa na dawa mpya wala mtambo wowote. Kwa hesabu za Baker mwenyewe, vifo katika mtaa ule vilipungua kwa 1,200 vikilinganishwa na msimu kama huo wa mwaka uliotangulia.

Mwaka huo huo jiji likaunda Idara ya Afya ya Watoto, naye akakabidhiwa uongozi. Madaktari wanaume waliowekwa chini yake wakataka kujiuzulu papo hapo. Aliwaomba wavumilie mwezi mmoja tu; wakabaki. Akafungua vituo vya maziwa safi, akasimamia mafunzo na leseni za wakunga, na akawafundisha wasichana wadogo kuwalea ndugu zao, kwa kuwa mama zao walikuwa vibaruani kutwa.

Ajabu ni kwamba madaktari wa Brooklyn walimlalamikia kwa meya. Kosa lake? Watoto walikuwa hawaugui, na wateja wakapungua! Ni nadra kusikia shtaka lililo sifa kubwa namna hiyo.

Chuo kikuu cha New York nacho kilimwalika afundishe, kikakataa kumsajili kwa shahada kwa sababu ni mwanamke. Naye akakataa kufundisha hadi walipolegea, akapata shahada ya udaktari wa afya ya umma mwaka wa 1917.

Hata hivyo, lipo jambo linalonikera, na si haki nilifiche. Mwaka wa 1907 alitumwa kumkamata Mary Mallon, mpishi kutoka Ireland aliyebeba viini vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuugua. Baker alikwenda na polisi, wakamsaka kwa saa kadhaa, na njiani kuelekea hospitalini daktari huyu akamkalia ili asiponyoke. Hatari ilikuwa ya kweli, sikatai. Lakini yule aliyejua kuketi na mama maskini na kumweleza jambo kwa upole, mbona safari hii alitanguliza nguvu? Mallon aliachiliwa mwaka wa 1910, akarejea jikoni kwa siri, akakamatwa tena mwaka wa 1915. Kwa jumla alizuiliwa kisiwani kwa takriban miaka 26.

Baker alistaafu mwaka wa 1923. Kumbukumbu zake, zinazosimulia kisa hicho, zilichapishwa mwaka wa 1939. Mallon alikuwa amefia kisiwani mwaka mmoja kabla.