Harry Ferguson, mtu aliyeipa trakta mikono 3
Harry Ferguson alizaliwa mwaka 1884 huko Ireland, mtoto wa mkulima. Alitengeneza ndege yake mwenyewe, na tarehe 31 Desemba 1909 akairusha, wa kwanza katika inchi yake.

Wakati ule trakta ilikuwa inakokota tu jembe kwa nyuma. Jembe likinasa kwenye jiwe, pua ya trakta inapanda juu, inapinduka na kumlalia dereva. Watu walikufa hivyo. Ferguson akafunga jembe kwa mikono 3: 2 chini, 1 juu, pamoja na pompi ya mafuta ya kuliinua. Ule mkono wa juu unasukuma pua ibaki chini. Uzito wa jembe nao unakandamiza magurudumu ya nyuma, basi hata trakta ndogo inalima bila kuteleza.

Mwaka 1938 alipatana na Henry Ford kwa kupeana mkono tu, bila karatasi. Mjukuu wa Ford alipochukua kiti, mapatano yakavunjika. Ferguson akaenda tribinali, na mwaka 1952 kesi ikaisha kwa yeye kulipwa dola 9,250,000.

Alikufa mwaka 1960. Ile mikono 3 ingali nyuma ya trakta karibu zote za leo.