Joseph Kiwanuka na Mikono Iliyotufikia

Kila mara Askofu apandapo milima ya Uluguru na kufika Matombo kutoa Kipaimara, twamwona akinyosha mikono juu ya watoto wetu. Nao waliopata kuhudhuria ibada ya upadrisho wameona jambo kubwa zaidi: Askofu aweka mikono miwili juu ya kichwa cha shemasi aliyepiga magoti, wala hasemi neno lo lote, kisha mapadre waliopo wapita mmoja mmoja na kufanya vile vile, nao wakiwa kimya. Wengi wetu hungojea nyimbo na vigelegele, au kupakwa mafuta na kuvikwa kasula, na tendo lile la kimya huwapita. Kumbe tendo hilo, pamoja na sala inayolifuata, ndilo kiini cha Sakramenti ya Daraja. Ili tulielewe vema, twapenda leo kusimulia maisha ya mtu mmoja wa Afrika ya Mashariki, ambaye kuwekewa kwake mikono kulibadili habari za Kanisa katika nchi zetu zote. Mtu huyo ni Mhashamu Joseph Kiwanuka wa Uganda.

Alizaliwa tarehe 25 Juni 1899 huko Nakirebe, katika nchi ya Buganda, na wazazi Wakristo. Ilikuwa miaka 13 tu tangu Karoli Lwanga na wenzake kuchomwa moto Namugongo kwa ajili ya imani. Wazee waliowajua Mashahidi hao kwa sura na kwa jina walikuwa bado hai, na mtoto alikua katikati ya masimulizi yao.

Uganda ya siku zile iliongozwa na Askofu Henri Streicher wa Shirika la Mapadre Weupe, ambaye neno lake kuu lilikuwa kupata mapadre wenyeji. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Seminari ilianza mwaka 1893, na vijana wengi waliingia wakatoka. Walikuwako watu, Wazungu kwa Waafrika, walioona kwamba ni kupoteza wakati na fedha kumfundisha kijana Kilatini na teolojia miaka yote hiyo. Askofu hakupunguza masomo wala hakuharakisha. Ilipita miaka 20 kamili kabla ya kuwawekea mikono mapadre wawili wa kwanza, Bazilio Lumu na Victor Mukasa, tarehe 29 Juni 1913. Hivyo alishika onyo la Mtume Paulo kwa Timoteo, asiwe mwepesi kumwekea mtu mikono kabla hajamjua.

Kijana Kiwanuka aliipitia njia hiyo hiyo ndefu, katika seminari ya Bukalasa na kisha Katigondo, akapadrishwa mwaka 1929. Wakuu wake walimpeleka Roma, akasoma sheria za Kanisa mpaka kupata shahada ya udaktari. Badala ya kurudi nyumbani mara moja kuonyesha heshima yake, aliomba kuingia Shirika la Mapadre Weupe, akaenda Algeria kufanya unovisi kama mwanafunzi mdogo. Aliporudi Uganda alifundisha Katigondo, mahali pale pale alipofundishwa.

Mwaka 1939 Baba Mtakatifu Pius XII alimteua kuwa Vikari wa Kitume wa Masaka. Habari hii iliwashangaza wengi. Katika karne ya 16 mwana wa mfalme wa Kongo, Henrique, alikuwa amepewa uaskofu. Lakini tangu hapo zilipita karne nne, na hapana Mwafrika mweusi wa kusini mwa Sahara aliyekabidhiwa jimbo katika Kanisa letu la Kilatini. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha kuanza Ulaya mwezi wa Septemba. Hata hivyo, tarehe 29 Oktoba 1939, Sikukuu ya Kristo Mfalme, katika Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, Papa mwenyewe aliwaweka wakfu maaskofu 12 wa nchi za misioni. Mmoja alikuwa Ignace Ramarosandratana wa Madagaska, na mmoja Kiwanuka wa Masaka. Wakati mataifa yalipokuwa yakiinuliana silaha, mikono ya Khalifa wa Petro ilikaa juu ya vichwa vya watu wa rangi na lugha mbalimbali.

Yafaa tuulize: mikono hiyo ilimpa nini? Huku Uluguru twajua maana ya kurithi cheo. Kingalu wa Kinole anapofariki, jina halizikwi pamoja naye. Mrithi hulitwaa, na Kingalu huendelea kuwako. Lakini urithi ule hufuata ukoo. Urithi wa Mitume haufuati damu wala taifa. Mitume waliwawekea mikono wale saba waliochaguliwa kuhudumia wajane. Kanisa la Antiokia likawawekea mikono Barnaba na Paulo. Paulo akamwekea Timoteo. Na tangu hapo mkono umepokea kutoka mkono bila kukatika. Ndiyo maana mtoto wa Nakirebe aliweza kuwa mrithi wa wavuvi wa Galilaya, bila kupungukiwa na kitu mbele ya askofu awaye yote duniani. Miaka 8 baadaye, tarehe 30 Novemba 1947, Papa huyo huyo alikata shauri la wanateolojia lililodumu karne nyingi. Wengine walikuwa wakifundisha kwamba upadre hutolewa kwa kukabidhiwa kalisi na patena. Pius XII aliamua kwamba ishara yenyewe ya Daraja, kwa shemasi, padre na askofu, ni kuwekewa mikono peke yake.

Neema hiyo haimwondolei mtu kazi. Masaka ilikabidhiwa mapadre wenyeji, na Mapadre Weupe wakaziacha parokia mikononi mwao. Kama wangeshindwa, isingesemwa kwamba Kiwanuka ameshindwa. Ingesemwa kwamba Waafrika wameshindwa, na mlango ungefungwa kwa miaka mingi. Mzigo huo aliuchukua kwa miaka 21. Aliwapeleka mapadre wake kusoma ng'ambo, akahimiza halmashauri za walei katika parokia na vyama vya wazazi katika shule, kwa kuwa aliamini kwamba Kanisa halisimami kwa padre peke yake. Masaka haikuanguka, nao waliotia shaka walinyamaza.

Tarehe 10 Februari 1952 Kiwanuka alivuka mpaka kuja Bukoba. Siku hiyo Laurean Rugambwa aliwekwa wakfu kuwa askofu, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa Tanganyika. Mkuu wa ibada alikuwa Askofu Mkuu David Mathew, Mjumbe wa Papa, na Kiwanuka alikuwa mmoja wa maaskofu wawili waliomsaidia. Wala wasaidizi hao hawakuwa mashahidi tu; Pius XII alikwisha kueleza mwaka 1944 kwamba nao huweka wakfu kweli. Basi mikono iliyopokea Roma mwaka 1939 ilitoa Bukoba mwaka 1952. Rugambwa alifanywa Kardinali mwaka 1960, na kutoka 1968 mpaka 1992 alikuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, ambako jimbo letu la Morogoro lilihesabiwa katika kanda yake ya Kanisa. Tena jimbo letu na jimbo la Masaka yalipata cheo cha jimbo kamili siku moja, tarehe 25 Machi 1953.

Mwishoni mwa mwaka 1960 Kiwanuka alihamishiwa Rubaga kuwa Askofu Mkuu. Uhuru ulikuwa ukikaribia, na siasa zilichemka. Mwaka 1961 alitoa barua ya kichungaji juu ya Kanisa na Serikali, akionya juu ya hatari ya kumtumbukiza Kabaka katika mashindano ya vyama. Wakuu wa Mengo walikasirika sana. Ingalikuwa rahisi kunyamaza, lakini hakuona kwamba aliwekewa mikono ili apendwe na wakubwa. Alihudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na tarehe 18 Oktoba 1964 alikuwa na furaha ya kuona Mashahidi wa nchi yake wakitangazwa Watakatifu. Alifariki tarehe 22 Februari 1966. Miaka 3 baadaye Papa Paulo VI alifika Kampala, na huko Kololo akawaweka wakfu maaskofu 12 wa Afrika. Mwaka 1939 Mwafrika alikwenda Roma kuwekewa mikono. Mwaka 1969 mikono ile ya Roma ilikuja Afrika.

Misioni yetu ya Matombo ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1897, miaka 2 kabla Kiwanuka hajazaliwa. Watoto wetu nao wakua kati ya masimulizi ya wazee wa imani. Ninyi wazazi, nanyi wajomba ambao kwa desturi yetu mna neno juu ya mtoto wa ukoo, msimzuie kijana anayetaka seminari kwa kuhesabu hasara ya nyumba. Wala msimsukume asiyeitwa, kwa tamaa ya sifa. Yeye aliye seminarini na aone haya kutafuta njia ya mkato, akikumbuka miaka 20 ya Askofu Streicher. Na sote, tutakapomwona tena Askofu akiweka mikono bila kusema neno, tupige magoti na kumwombea yule kijana. Kwa maana mzigo anaotwikwa hapo ni mzito, nao atauchukua kwa ajili yetu.